Kitonge Motoni

Haifa, 18 Machi 1945

Dada Stamatia,

Sijui kama ni wewe utakayeifungua barua hii. Wanasema posta ya Ugiriki imeanza tena, lakini ya mijini tu, ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika lile duka la kamba pale Halkida ambako mumeo Thanasis hununua kamba za punda wake. Mwenye duka akiwa mwema, itapanda mlima pamoja na Thanasis.

Ni mimi Zafira. Yule mjane Myahudi uliyemficha, ukawaambia majirani ni mke wa binamu yako aliyekimbia mabomu ya Pirea. Tulifika, dada. Mashua ilitushusha upande wa Uturuki, tukapakiwa kwenye treni, na mwisho wa safari ukawa hapa Haifa, Palestina. Nafua mashuka ya hospitali mpaka mikono inakuwa kama ya mtu aliyezama. Nina chumba kimoja na tanuri uani. Sabi anakusalimu.

Sasa naomba unijibu neno moja tu, mengine hata usipoyaandika: Veka wangu yu hai?

Kila nikifumba macho namwona nahodha pale ufukweni, amesimama ndani ya maji hadi magotini. "Huyu anayekohoa hapandi. Wale wa doria wakisikia kifaduro hicho, tumekwisha sote humu." Na watu waliokwisha kukaa ndani ya mashua wakawa wanatazama miguu yao. Wewe ukamtoa Veka begani kwangu, ukasema, "Panda. Mpeleke Sabi, kaka yake aliye mzima. Mgonjwa niachie mimi, nitamtunza mpaka mtakapoonana." Nikapanda. Hakuna aliyenisukuma, dada. Miguu ilikuwa yangu.

Na kusingekuwa na haja ya kukimbia kama si huu mkono. Ulinifundisha yote: ishara ya msalaba, siku za kufunga, jina la mtakatifu wa kijiji. Halafu siku ya kuoka, mbele ya tanuri, mbele ya Marigo jirani yako, mkono ukanyofoa kitonge cha unga na kukitupa motoni kabla mkate haujaingia, kama tufanyavyo sisi wanawake wa Kiyahudi, kama alivyokuwa akifanya mama yangu, na mama yake. Marigo akaniuliza, "Unaulisha moto, binti?" Ukacheka, ukamjibu, "Pirea siku hizi hata moto una njaa." Lakini habari ikafika kisimani, kutoka kisimani ikashuka barabarani, na Wajerumani wakaanza kupanda. Tungepata muda kidogo tu, kifaduro kingepita.

Nakushukuru, na ninamtaka mwanangu. Nayasema yote mawili pamoja kwa sababu sijui lipi litangulie.

Zafira

*

Vrisoula, Evia, 6 Mei 1945

Zafira wee,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili usisome barua nzima umeshika kifua. Yu hai, anakula, na ana ulimi mrefu kuliko wa Marigo.

Vumilia mwandiko, nilisoma madarasa manne tu, na la nne nililala.

Kifaduro hakikumwachia mpaka joto lilipoingia. Nilimvukiza majani ya mlimani, nikamnywesha maziwa ya mbuzi na asali. Kuna siku alikohoa mpaka midomo ikawa ya samawati, nikamgeuza kichwa chini miguu juu kama kuku, nikampiga mgongoni huku namtukana. Akarudi. Maziwa yenyewe huleta Marigo. Mbuzi wetu walichukuliwa, wake alikuwa amewaficha. Tangu mlipoondoka analeta kila asubuhi, anaweka mtungi kizingitini na kwenda zake, hasemi neno. Marigo! Hasemi neno! Nilidhani ameugua. Kisha nikaelewa kwamba yale aliyoyasema kisimani aliyasema kama mzaha wa wanawake, na sasa hajui ayarudishe vipi mdomoni.

Wajerumani walipofika walichoma zizi. Thanasis walimpiga, sikio moja halisikii tena. Anasema ni lile alilokuwa akinisikilizia mimi, kwa hiyo hana hasara. Usilie, hata yeye hakulia.

Njoo. Nyumba yako ya Halkida ingali imesimama, wameiba milango tu, na mlango si mtu. Wenzenu wameanza kurudi, mmoja amefungua duka. Njoo umshike mtoto kwa mikono yako.

Na Sabi je? Atakuwa amerefuka. Mwekee mguu juu ya karatasi umchoree, uniletee. Nina sufu nyeupe ya mwaka jana, nataka kumfumia soksi. Nilimwahidi ufukweni alipokuwa analia miguu inamganda. Usidhani nimesahau.

Stamatia

*

Haifa, 30 Juni 1945

Dada yangu,

Nimesoma yale maneno mawili ya mwanzo mpaka karatasi imechakaa mahali hapo. Mwenye nyumba alinikuta nimekaa chini uani, akadhani nimepata msiba. Nikamwambia hapana, leo sina msiba.

Mwambie Thanasis kwamba naomba radhi kwa sikio lake. Sijui mtu anaombaje radhi kwa sikio. Mwambie hivyo hivyo, umwambie upande unaosikia.

Siwezi kuja. Tafadhali usiniulize sana, nimefungika hapa, yapo mambo hayaachiki. Lakini kuna chama kinachowatafuta watoto wa Kiyahudi waliobaki huko, na meli itatoka Pirea kabla ya baridi kuwaleta hapa. Ataambatana nao mwanamke mmoja mwenye moyo, nimemwona kwa macho yangu. Kama Thanasis na wewe mtaweza kumfikisha bandarini, mimi nitasimama huku gatini hata kama ni wiki nzima.

Niandikie anasema nini. Anapenda kula nini? Bado analala amekunja ngumi? Anajua kuwa yuko mtu anayemngoja?

Mguu wa Sabi huu hapa nyuma ya karatasi. Umepinda kidogo kwa sababu hakutulia, penseli ilikuwa inamtekenya, akacheka.

Zafira

*

Vrisoula, 2 Septemba 1945

Zafira,

Hizi hapa soksi, na tini kavu kidogo. Mguu gani ule! Utadhani wa sajini. Nimeacha na nafasi ya vidole kukua.

Umeniuliza analala vipi. Analala amejitandaza kama mwenye shamba, na mimi na Thanasis tunabaki na ukingo wa kitanda. Anapenda jibini na uji wa mahindi, hataki dengu, anaogopa jogoo lakini anamtukana akiwa nyuma ya mlango. Juzi Thanasis alimwambia, "Wewe mtoto, nyamaza kidogo basi, unamaliza maneno ya kesho." Akamjibu, "Wewe una sikio moja, yanakuhusu nini?" Tulicheka mpaka tukaona haya.

Hiyo meli yako, hapana. Subiri nikueleze kabla hujanuna. Sasa hivi ni zabibu, Thanasis hana mtu wa kumsaidia. Baadaye ni zeituni. Barabara ya Athene haijatulia, watu bado wanapigana risasi kwa sababu ya mambo yao ya siasa. Mtoto hana viatu. Nikimpa viatu, je, mwanamke huyo wa chama mimi ninamjua? Mtoto si gunia la zeituni nimpakie melini na kumpungia mkono.

Mama aje mwenyewe. Hilo ndilo neno langu. Alimwacha kwa mikono yake, amchukue kwa mikono yake.

Na mbona huji? Halkida wanarudi mpaka vikongwe, wewe kijana mwenye miguu miwili una nini? Kama umepata mwanamume huko, sema tu, sitacheka. Nitacheka kidogo. Mumeo alikufa Albania kwenye theluji, Mungu amweke pema, hakuna atakayekuhesabia. Lakini usinifiche.

Stamatia

*

Haifa, 9 Oktoba 1945

Stamatia,

Bwana Negri wa duka la vitambaa Halkida amefika hapa kwa dada yake. Ananijua tangu mtoto. Anasema alipanda kijijini kwenu kutafuta asali, akamwona msichana mlangoni kwako, na macho ya marehemu mume wangu yakamtazama. Akamuuliza, "Unaitwa nani, mrembo?" Akasema, "Fotini." Shingoni ana msalaba. Akamuuliza, "Na mama yako ni nani?" Akakunyooshea kidole wewe, uliyekuwa unaanika nguo.

Nimezichukua barua zako zote mbili nikazisoma tena. "Mtoto." "Mtoto." Jina la Veka halimo hata mara moja. Sikuliona kwa sababu furaha ilinipofusha.

Zabibu, zeituni, barabara, viatu. Kumbe!

Nilikuachia mtoto umfiche. Sikukuachia umfute.

Mimi ni mwanamke wa kufua nguo, sina wakili, sina ndugu, lakini naapa kwa jina la baba yake, nitamtuma mtu wa chama mpaka mlangoni kwako na polisi pamoja naye. Usinifikishe huko. Nimekula chumvi yako, nimelala kwenye kitanda chako, mumeo amepoteza sikio kwa ajili yangu. Usinifanye nikuchukie, sina nguvu za kazi hiyo.

Mama yake Veka

*

Vrisoula, 28 Oktoba 1945

Zafira,

Barua yako Thanasis alinisomea yeye, maana mimi nilifika kwenye neno la polisi macho yakagoma. Sasa kaa chini.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna ngano, mtu alikuja kutoka pwani akasema mashua iliyobeba Wayahudi mwezi wa nne ilipigwa katikati ya bahari, hakutoka mtu. Tukamuuliza nahodha gani, akamtaja nahodha wenu. Nilikaa chini pale pale kwenye ngano. Nikachemsha ngano ya marehemu kama tunavyofanya kwetu, sukari hakuna, nikaweka tini, nikaipeleka kanisani. Padre alitaka majina ya kuombewa, nikataja lako. Nikataja na la Sabi. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Barua yako ilipofika ikisema "Sabi anakusalimu" nilijing'ata ulimi. Kumtaja mtoto mzima kati ya wafu ni kumwitia mkosi, na ni mimi niliyemwitia. Soksi zile nilizifuma nikiwa naomba kila kifundo kimrudishie siku.

Baada ya hapo Wajerumani walirudi tena. Waliuliza habari za watoto. Padre akasema mtoto asiye na jina kanisani atachukuliwa. Basi tukambatiza, akaitwa Fotini. Sitakudanganya kwamba ilikuwa kwa sababu ya Wajerumani peke yao. Nusu ilikuwa hiyo. Nusu nyingine ni kwamba niliamini umekufa.

Lakini sikiliza sehemu ambayo huyo bwana wako wa vitambaa hakuiona. Dada yangu alitaka kusimama kama mama wa ubatizo. Nikakataa, nikasimama mwenyewe. Ninyi hamna desturi hiyo kwa hiyo hujui maana yake. Kwetu mama hasimami katika ubatizo wa mwanawe. Anayesimama na kumpokea mtoto kutoka majini amejifungia mlango: yeye ni mama wa ubatizo, na mwingine ndiye mama, hata kama mwingine huyo yuko chini ya bahari. Kijiji kizima kilijua nimefanya nini. Mimi nimezaa mara mbili na kuzika mara mbili, Zafira, unajua, ulikiona kitanda kile kidogo. Kila mtu alidhani nimeletewa wa tatu. Nilipomnyooshea padre mikono, Thanasis alitoka nje akaenda kulia na punda.

Kama ningetaka kuiba, siku ya kuiba ilikuwa hiyo. Hakukuwa na wa kunidai.

Kuniita mama, ndiyo, ananiita. Nilimkataza. Akacheka, akaendelea. Siku nyingine namkataza, siku nyingine nimechoka, siku nyingine naitika kabla sijafikiri. Na zabibu na viatu ni kweli vilikuwa visingizio. Hayo ndiyo makosa yangu, nihukumu nayo, yananitosha. Usiniongezee ya wizi.

Sasa na mimi naomba jibu. Mama anayemtaka mwanawe hivi, anayeweza kuniletea polisi, mbona yeye haji?

Stamatia

*

Haifa, 24 Novemba 1945

Dada Stamatia,

Hukumwitia mkosi.

Tulipofika Uturuki Sabi alikuwa anarukaruka. Kwenye treni akaanza mafua. Tulipofika karantini huku alikuwa anakohoa kikohozi kile kile ninachokijua, kile cha dada yake. Alikuwa nacho tangu kwako, dada, kilikuwa ndani yake kimelala alipokuwa amesimama ufukweni na nahodha akamwona ni mzima. Kikashuka mapafuni. Hakukuwa na majani ya mlimani wala maziwa ya Marigo. Daktari alifanya alichoweza. Niliyemwacha kwa sababu anakohoa amepona, na niliyemchukua kwa sababu hakohoi nimemzika.

Ilikuwa wakati wa kuvuna ngano. Ulipokuwa unamtaja kanisani mimi nilikuwa nimekwisha kumwacha kaburini, na hapa hakuna aliyemjua hata jina. Nimelia nikisoma, lakini si kwa hasira. Kumbe alikuwa na mtu wa kumchemshia ngano.

Mguu niliokuchorea ni wa mtoto wa jirani. Nilimpa pipi akae. Ndiye aliyecheka. Soksi zilipofika nilizipeleka kwao, nikafika mlangoni, nikarudi nazo. Ziko chini ya mto wangu.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utasema: huyu mwanamke alipewa mmoja hakumfikisha, nitampaje wa pili? Nilikuwa naandika "Sabi anakusalimu" na mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Kisha nikakuita wewe mwongo.

Na ndiyo maana siji. Niko karibu naye hapa, napita kila Ijumaa mchana kabla ya kuwasha taa za Sabato, nang'oa majani. Nilimwacha mmoja ufukweni, nikamsikia anakohoa mpaka mashua ilipokuwa mbali. Siwezi kupanda chombo kingine na kumwacha huyu naye nyuma yangu. Najua amekufa. Miguu ndiyo haijui.

Basi sema lile nililoogopa utasema. Litamke lote, nitalisikia mpaka mwisho, unayo haki. Halafu unipe mwanangu.

Zafira

*

Pirea, 11 Februari 1946

Zafira mdogo wangu,

Barua hii imo ndani ya kikapu, chini ya jibini, na kikapu kimebebwa na mwenyewe. Kama unaisoma, basi yuko mbele yako. Acha kusoma umtazame kwanza.

Haya.

Lile uliloogopa sikuwa nalo la kusema. Nilikaa nalifikiri muda mrefu nikitafuta kama limo ndani yangu. Nilichokikuta ni kwamba mimi ndiye niliyekwambia "mpeleke huyu mzima". Mdomo ulikuwa wangu. Ningesema niachie wote wawili, vukizo lile lingewatosha wote. Umekuwa ukijihukumu kwa miguu, nami najihukumu kwa mdomo, tukikutana siku moja tutakuwa mtu mmoja mbaya aliyekamilika.

Nimemchemshia Sabi ngano tena, safari hii peke yake, na sukari nimepata. Padre akauliza ni nani. Nikasema mpwa wangu.

Sasa mambo ya mtoto. Msalaba nimemvua mwenyewe, nimebaki nao. Jina la Veka nimemwanzishia. Aliniuliza, "Veka ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe ukiwa kwa mama yako." Akasema, "Basi siendi, nitabaki huyu huyu." Nenda naye taratibu. Akikasirika hula kona za shuka. Ukimwinulia sauti anacheka, ukimnyamazia anaogopa, kwa hiyo usimnyamazie. Nywele zake zichane kuanzia chini. Kuna jambo nimemfundisha, sikwambii, utaliona siku ya kuoka.

Meli ile ya kwanza ilikwisha kuondoka, hii ni nyingine, na mwanamke wa chama nimemkagua. Nimemuuliza maswali mpaka Thanasis ameona aibu. Anafaa.

Kikapu nimempa kwa makusudi. Ni kizito, atakibeba kwa mikono miwili, hatakuwa na mkono wa kunishika. Nitamwambia "Panda." Naona ndiyo kazi niliyopewa duniani, kusimama kwenye maji na kuwaambia watu wa familia moja wapande.

Thanasis anamsalimu mtoto kwa upande usiosikia, ndiyo salamu yao.

Stamatia

*

Haifa, 14 Aprili 1946

Dada Stamatia,

Amefika mzima. Jibini lilifika nusu.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja nipate habari njema. Wiki za kwanza hakuniita jina lolote. Aliniita "wewe." "Wewe, nina njaa." "Wewe, mlango." Alilala amekunja ngumi, ukingoni kabisa, kanipa mimi kitanda chote. Nilikuwa naamka nakuta macho yamefunguka yananitazama, ya baba yake hasa, na nikawa ninajiambia: umemnyang'anya mama mara ya pili, furahi basi. Nilikuwa na kalamu mkononi ya kukuandikia kwamba mtoto anakulilia, nikuulize kama nimrudishe. Sikuandika. Ninamtaka. Nilichana nywele kuanzia chini, nikanyamaza, nikakumbuka ulisema nisimnyamazie, nikaanza kuongea ovyo kama kichaa, habari za mashuka, habari za hospitali. Akawa anasikiliza.

Soksi za Sabi alizikuta chini ya mto. Zinamzidi mpaka magotini. Anatembea nazo hadi uani, hataki kuzivua, nami simvui. Nimempeleka kaburini amezivaa. Nilimwambia aliyelala hapa ni kaka yako. Akauliza kama anaogopa jogoo.

Juzi nilioka. Nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri nimempa kisogo, nimeshika donge, na nitakwambia ukweli: tangu siku ile ya kwenu sijawahi kunyofoa tena. Mkono haukubali. Ninaoka kama mtu asiye na mama.

Akaja bila kuitwa. Akaingiza vidole kwenye donge, akanyofoa kitonge, akakitupa katikati ya makaa, akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyefunzwa.

"Cha mama wa ng'ambo," akasema.

Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Mama. Kila tukioka tunampelekea mama wa ng'ambo chakula chake, asife njaa. Moto unapeleka."

"Mlikuwa mnafanya hivi uani? Mbele ya Marigo?"

"Marigo ndiye anayeshika mlango wa tanuri," akasema, akaniangalia kama mimi ni mjinga. "Mtu mmoja hawezi, ni mzito."

Nilikaa chini. Kitonge kile kile, dada. Mwaka mzima, mbele ya watu.

Akangoja nimalize kujifuta macho. Kisha akatazama moto, akakunja uso, naona alikuwa anapanga mambo kichwani nani yuko wapi sasa. Akasema, "Lakini mama wa ng'ambo sasa ni mama Stamatia. Na kile nilichotupa ni kidogo. Yeye anakula sana."

Nikamsogezea donge lote. Nikamwambia, "Nyofoa kikubwa, Veka."

Akanyofoa.

Zafira